Hapa ni Wapi: Mhadhara Juu ya Mshale Katika Masomo Yaliyorekodiwa



Jioni moja ya msimu wa mvua, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa hapa Nyamirambo, mwalimu mmoja mwanamke, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwafundisha wafanyabiashara wa Biryogo namna ya kuweka hesabu zao katika majedwali ya kompyuta, aliniwekea mbele yangu kompyuta yake ya mpakato, akaniomba nitazame somo alilolirekodi usiku uliotangulia kwa ajili ya wanafunzi wake walio Goma na Bukavu, ambao hawawezi kuja Kigali kila juma kumsikiliza. Somo lilikuwa la dakika 40. Sauti yake ilikuwa safi, jedwali lilionekana wazi, tarakimu zilisomeka hata ile ndogo kuliko zote, na mwalimu, kwa Kiswahili chake kitulivu, alikuwa akisema: "Sasa bofya hapa. Ukishabofya hapa, shuka mpaka hapa, halafu uvute kutoka hapa hadi hapa." Nami niliyekuwa nikitazama sikupaona mahali hata pamoja, kwa maana mshale wa kipanya haukuwamo. Orodha zilikuwa zikifunguka na kufungika kana kwamba zimeguswa na upepo, seli zikijizungushia mstari wa kijani moja baada ya nyingine, lakini kilichozigusa hakikuonekana tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Somo lilipokwisha alinitazama usoni, akaniuliza, "Mwalimu, mshale wangu umekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo, na naomba mnivumilie nikilitanua kidogo kabla ya kulijibu. Lugha yetu ni tajiri wa kuonyesha mahali: tuna hapa, hapo na pale, tuna huku, huko na kule, tuna humu, humo na mle, maneno tisa ambayo kila moja lina kipimo chake cha umbali na namna yake ya mahali, na mtoto aliyelelewa katika Kiswahili huyatenganisha bila ya kufundishwa. Walakini maneno yote tisa, yanapoonyesha kitu kilicho mbele ya macho, yana sharti moja, nalo ni kwamba msikilizaji awe anauona mkono wa msemaji, au ajue msemaji amesimama wapi. Ndugu zetu wasemao Kinyarwanda wana hano yao, na sharti ni lile lile. Mwalimu aliye darasani hulitimiza sharti hilo kwa kidole, kwa chaki, kwa fimbo, hata kwa kugeuza macho. Ama mwalimu aliyerekodiwa hana kidole wala macho, na mwili wake wote mbele ya wanafunzi ni ule mshale mdogo mweupe. Ukiondoka mshale, "hapa" linakuwa neno lisilo na maana, na somo lililojaa "hapa" linakuwa kama barua iliyopoteza nusu ya maneno yake.

Wala jambo hili si dogo katika mji huu. Mwezi Machi 2020, shule za Rwanda zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yalihamia redioni, katika televisheni na katika intaneti, na walimu wengi ambao hawakuwahi kujirekodi maishani walijikuta wakijifunza kazi hiyo usiku ili waifanye asubuhi. Shule zilianza kufunguliwa kwa awamu mwishoni mwa mwaka huo, lakini desturi imebaki. Tangu Bunge lilipopitisha mwaka 2017 kwamba Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha rasmi za nchi hii, haja ya masomo ya Kiswahili imezidi. Na nje ya shule nako, yupo kijana anayemrekodia shangazi yake namna ya kuomba cheti kwenye Irembo, ule mlango wa huduma za serikali uliofunguliwa mwaka 2015, na shangazi huyo, aliye kijijini na simu mkononi, hana msaada mwingine isipokuwa kuufuata mshale wa mpwa wake.

Kifaa chenyewe kinachouendesha mshale kina umri mkubwa kuliko wengi wenu mlioketi hapa. Tarehe 9 Desemba 1968, katika jiji la San Francisco, Douglas Engelbart wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford alikionyesha kipanya mbele ya hadhara. Mfano wake wa kwanza, alioundiwa na mwenzake Bill English mwaka 1964, ulikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili tumboni. Mshale wa zama zile ulisimama wima. Mafundi wa Xerox huko Palo Alto ndio walioulaza upande, kwa kuwa katika vioo vya wakati huo, vilivyokuwa na nukta chache, mshale wenye ubavu mmoja wima na mwingine wa mshazari ulichoreka vizuri zaidi kuliko uliosimama. Na umbo hilo la dharura tumelirithi mpaka leo katika vioo visivyo na upungufu wowote wa nukta.

Sasa naja kwenye kiini, ambacho nikishindwa kukieleza sawasawa mengine yote hayatafahamika. Mshale si sehemu ya picha iliyo kwenye kioo. Yule mwalimu alidhani programu ya kurekodi imeufuta mshale wake, ilhali programu haikuufuta, kwa sababu haikuwahi kuupata. Ndani ya kompyuta kuna mahali katika kumbukumbu panapowekwa picha nzima ya kioo, nukta kwa nukta, pamoja na madirisha, maandishi na rangi zake, na picha hiyo ndiyo isomwayo na programu ya kurekodi, mara 30 au 60 kwa kila sekunde. Mshale huwekwa pengine, katika kijisehemu chake cha pekee ndani ya kadi ya picha, nayo kadi huutandaza juu ya picha mwisho kabisa, wakati picha inapopelekwa kwenye kioo. Ni kama mtu aliyetandika mkeka sakafuni akawa anawaonyesha wageni nakshi zake kwa kidole: mnakili aliyeambiwa aunakili mkeka atanakili ukindu, ukili na rangi, wala hatatia kidole, kwa kuwa kidole kilikuwa juu ya mkeka, hakikusukwa ndani yake.

Sababu ya utengano huu ni kuokoa kazi. Kipanya cha kawaida hutoa habari ya mwendo wake mara 125 kwa sekunde. Lau mshale ungekuwa umechorwa ndani ya picha, kila unaposogea ingelazimu kukihifadhi kilichokuwa chini yake, kuuchora, kukirudisha kilichohifadhiwa, kisha kuanza tena nukta moja mbele. Kompyuta nyingi za zamani zilifanya hivyo kweli, na kazi ilipozizidi ungeona mshale unametameta au unaacha vipande vyake njiani. Kuutenga kulimpa mtumiaji mshale mwepesi usiochoka, lakini kulimtwika mrekodi kazi mbili badala ya moja: kwanza aichukue picha, kisha auulize mfumo wa kompyuta mshale uko wapi na una umbo gani, auchore upya kwa mkono wake. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, utengano huo uko wazi kabisa, maana mfumo huikabidhi programu picha ya kioo peke yake, na kando yake, kama barua ya pili, habari ya mahali pa mshale na umbo lake. Programu isiyoifungua barua ya pili hutoa picha kamili isiyo na mshale. Katika kompyuta za Linux zinazotumia Wayland, ile njia yake mpya ya kuchora madirisha, programu hutakiwa kutamka ikiwa yataka mshale ufichwe, utiwe ndani ya picha, au uletwe kando.

Maadamu hilo limefahamika, hitilafu za mshale hazina tena wingi wa kutisha. Ama mshale haukuulizwa. Ama uliulizwa na jibu likafahamika vibaya. Ama umechorwa na wawili. Ama umechorwa sawasawa lakini ukaharibika njiani ukienda kwa mtazamaji. Nimewaona watu wenye elimu yao wakiiondoa programu na kuiweka upya mara tatu, wakabadilisha kipanya, wakaomba kompyuta ya jirani, kabla ya kuutazama mshale wenyewe unafanya nini. Na kwa maoni yangu saa zote hizo zimepotea, kwa sababu mshale ulio mgonjwa husema maradhi yake kwa mwendo wake, ukiwa na subira ya kuutazama.

Mshale usioonekana kabisa ndio mwepesi wa kutibu. Katika OBS Studio, programu isiyo na malipo iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012 na ambayo walimu wengi huitumia, kila chanzo cha picha kina sifa zake, na miongoni mwazo kipo kisanduku cha kunasa mshale; aliyekitia tiki katika chanzo cha kioo kizima, kisha akaongeza chanzo cha dirisha moja, ajue kwamba cha pili kina kisanduku chake na hakirithi chochote kwa cha kwanza. Mtu aendeshaye kompyuta iliyo mbali kupitia intaneti akumbuke kwamba mshale anaouona huchorwa na kompyuta iliyo mbele yake, kwa hiyo akirekodi upande wa mbali huenda asiupate. Na anayetumia kioo cha kugusa asiutafute mshale, maana Windows huuficha mara kidole kinapogusa.

Lakini yupo mshale unaoonekana kila mahali isipokuwa juu ya maandishi, na huu umewasumbua wengi. Ukifika juu ya maandishi mshale hugeuka kijiti chembamba chenye umbo la herufi I, na kijiti hicho katika Windows kwa kawaida hakina rangi yake mwenyewe: kimeagizwa kuipindua rangi ya kilicho chini yake, juu ya nyeupe kiwe cheusi, juu ya nyeusi kiwe cheupe. Programu isiyojua kupindua hukichora cheupe juu ya ukurasa mweupe, nacho kikatoweka hapo hapo, hata mtazamaji akadhani mwalimu ameachia kipanya. Dawa yake haimo katika programu ya kurekodi, imo katika mipangilio ya kipanya ya kompyuta yenyewe: chagua mshale wenye rangi yake halisi, mweusi au wa rangi nyingine thabiti, na kijiti kitarudi.

Sasa niwaombe mkae nami kidogo juu ya mshale uliohama, kwa kuwa huu ndio unaodanganya kuliko wote. Mshale usiokuwapo humjulisha mwanafunzi kwamba kuna kasoro. Mshale uliohama humwonyesha mahali pasipo, naye akaamini. Kompyuta nyingi za mpakato zina kioo cha nukta 1920 kwa 1080, na kwa kuwa kioo ni kidogo na maandishi yangekuwa madogo mno, Windows huvikuza vitu vyote kwa asilimia 125 au 150. Programu iliyotungwa kabla ya desturi hii, au iliyotungwa bila ya uangalifu, haiambiwi ukweli: katika ukuzaji wa asilimia 150 huambiwa kwamba kioo kina nukta 1280 kwa 720, na kila mahali pa mshale hugawanywa kwa moja na nusu kabla ya kufikishiwa. Ikiwa programu hiyo imeichukua picha kwa ukubwa wake halisi, basi inachora mshale wa kioo kidogo juu ya picha ya kioo kikubwa. Tazameni hesabu yake. Mshale ulio nukta 30 kutoka kushoto na 30 kutoka juu huchorwa penye 20 na 20. Umekosea kwa nukta 10 tu, na hakuna atakayegundua. Mshale ulio penye 1500 na 900 huchorwa penye 1000 na 600. Umekosea nukta 500 kwa upana na 300 kwa kimo, yaani mwalimu amebofya kitufe cha kuhifadhi na mwanafunzi ameonyeshwa katikati ya jedwali.

Kutokana na hesabu hiyo ipo njia ya kuyapima maradhi isiyohitaji chombo chochote. Rekodi sekunde kumi, ukiuanzia mshale kwenye pembe ya juu kushoto na kuuvuta taratibu kwa mshazari mpaka pembe ya chini kulia. Ikiwa kosa ni dogo mwanzoni na linakua kadiri unavyosogea, ni ukuzaji huo: ipe programu toleo lake jipya, au fungua sifa za programu katika Windows na kuiruhusu ijipimie kioo yenyewe, au, ikishindikana, rudisha ukuzaji kwenye asilimia 100, toka katika akaunti yako na uingie tena kabla ya kurekodi. Ikiwa kosa ni lile lile kutoka pembe hadi pembe, ukuzaji hauna hatia. Tafuta kilichokatwa katika picha, ambacho mara nyingi ni kichwa cha dirisha na kingo zake, au tafuta kioo cha pili. Aliyeunganisha kioo cha pili upande wa kushoto huenda hajui kwamba hesabu ya mahali huanzia pembe ya juu kushoto ya kioo kikuu, kwa hiyo kila kilicho kwenye kioo cha kushoto kina tarakimu iliyo chini ya sifuri, kuanzia -1920 mpaka -1. Na programu isiyozoea tarakimu za namna hiyo huuweka mshale pasipo au huupoteza. Kuhamisha kazi kwenye kioo kikuu humaliza shauri kwa dakika moja.

Mishale miwili ikionekana pamoja, mmoja ukiufuata mwingine, wamechora wawili: aghalabu unarekodi dirisha la mkutano wa video ambalo limekwisha kuutia mshale wake, na programu yako imeongeza wake. Ondoa tiki yako. Mshale ukimetameta, badilisha njia ya kunasa katika programu, ya zamani kwa mpya. Ipo pia hila ya mafundi wa zamani, ya kuuwasha mkia wa mshale katika mipangilio ya Windows na kuufupisha hadi kikomo, ambayo huulazimisha mfumo uache kuikabidhi kadi mshale na uuchore ndani ya picha yenyewe. Imenisaidia mara kadhaa penye haraka, ingawa huufanya mshale uwe mzito kidogo mkononi.

Yamebaki yale yanayotokea baada ya kurekodi, na hapa nasema na walimu zaidi kuliko mafundi. Wanafunzi wetu wengi hawatazami somo kwenye kompyuta. Hutazama kwenye simu, ndani ya basi, au dukani wakati hakuna mteja. Mshale wa kawaida wa Windows una upana wa takriban nukta 12. Picha ya nukta 1920 ikibanwa katika kioo cha simu chenye urefu wa sentimita 14, mshale huo una upana usiofika milimita moja, sawa na punje ndogo ya ulezi. Ukuzeni, ndugu zangu, mara tatu au nne, bila ya kuona kwamba ni kitu cha kitoto. Na rangi nayo ina hesabu yake: picha inapobanwa ili faili iwe nyepesi, weusi na weupe wa kila nukta huhifadhiwa, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila nukta nne, kwa hiyo mshale mwembamba mwekundu juu ya kijani hufifia na kuwa doa, wakati mweupe wenye ukingo mweusi hubaki na makali yake. Kwa picha 30 katika sekunde moja, mshale uliorushwa kutoka upande hadi upande kwa robo ya sekunde huonekana mahali saba au nane tu. Kwa picha 10 huonekana mara mbili au tatu, na mwanafunzi hauoni ukienda, huuona umefika. Upelekeni polepole, muuache utulie kabla ya kubofya, mhesabu moja mpaka mbili kimoyomoyo.

Nirudi kwa mwenyeji wangu wa Nyamirambo. Sababu ya hasara yake ilikuwa kile kisanduku kimoja kisichotiwa tiki, na nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda. Kwa kuwa mshale haukuwahi kuingia katika faili, hapakuwa na njia ya kuurudisha. Lakini hakutaka kulitupa somo, kwa maana sauti yake usiku ule ilikuwa njema na mvua haikuwa imepiga bati. Basi tuliketi tukalisikiliza tangu mwanzo, tukiwa na daftari, tukiandika dakika na sekunde ya kila "hapa", na katika kila moja tukachora duara la manjano kwa programu ya kuhariri. Tulihesabu "hapa" 63. Zile alizobofya zilikuwa rahisi, kwa kuwa seli iliyobofywa huacha mstari wake. Ngumu zilikuwa zile alizoonyesha tu bila kugusa, ambazo hazikuacha athari yoyote, na hizo tulizipata kwa kuufuata mwenendo wa maneno yake, moja moja, mpaka muadhini akaadhini isha. Ilibaki moja, katika dakika ya 27, aliposema, "Kosa la wengi huanzia hapa." Aliisikiliza sentensi hiyo mara nne, akatazama jedwali, akatikisa kichwa. Kisha akavuta kipaza sauti karibu, akairekodi upya sentensi hiyo peke yake: "Kosa la wengi huanzia safu ya D, mstari wa saba."